Shati la Vifungo Tisa Begani

Mume wangu ni fundi wa suti, na kwa miaka ishirini na sita kazi yake ya pili imekuwa kuwasema watu mabega. Akikaa mlangoni pa duka letu anamtazama mpita njia mara moja tu, halafu anatoa hukumu. Yule la kushoto limeshuka nusu inchi, alizoea kubeba mkoba upande mmoja. Huyu mabega yake yametelemka kama ya chupa, koti halitakaa. Yule mama mgongo umeanza kuinama, na nyumbani kwake hakuna aliyeona. Hakosei. Watu wanamwita Fundi Suti, na wakiingia dukani wanajinyoosha bila kuambiwa, maana wanajua wameshakaguliwa. Mimi wananiita Mama Vifungo. Yeye anakata na kushona, mimi napiga matundu ya vifungo, nakunja pindo na kusikiliza maneno ya wateja. Tunakaa hatua tatu tu, mchana kutwa, na usiku tunalala kitanda kimoja, kwa hiyo mtu huyu hakuwa na pa kujificha.

Na bado alijificha. Bega lake mwenyewe, la kulia, lilianza kuuma, likauma zaidi, likakakamaa, na lile jicho linaloona nusu inchi ya mpita njia halikuona kitu. Au liliona likanyamaza, na hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo. Mkono wa kulia ndio unaoshika mkasi. Umesomesha watoto watatu na kuezeka nyumba. Ukienda huo, duka linabaki na mimi, na mimi wakati ule hata suruali ya mtoto nilikuwa sijawahi kuikata.

Mtu wa kawaida angesema, mke wangu, bega linaniuma. Ningechemsha maji, ningemkanda, na asubuhi tungekwenda kwa daktari. Lakini mume wangu ni fundi, na fundi akikuta nguo inabana halaumu mwili. Analaumu mshono.

Ilianza na suruali. Siku moja alirudi kutoka kununua uzi, uso umemkunjamana, akavua suruali yake ya kijivu, akafumua mfuko wa nyuma na kuuhamishia mbele. Nikamuuliza kulikoni. Akasema mifuko ya nyuma ni neema kwa wezi, mtu mwenye akili hatembei na pochi mgongoni. Hoja ilikuwa nzuri, na ndani ya wiki moja suruali zake zote tano zilikuwa zimehama mifuko. Hakusema kwamba mkono ulikuwa haufiki tena nyuma. Ulikuwa ukifika kwenye mshono wa pembeni unasimama, na akiulazimisha unamchoma kuanzia juu ya bega kushuka ubavuni mwa mkono mpaka karibu na kiwiko, maumivu ya kumtoa mtu machozi dukani kwa watu. Hayo nilikuja kuyasikia baadaye sana, na wala si mimi aliyekuwa akiambiwa.

Mashati yakafuata. Shati la heshima lina mkia mrefu wa kuchomekea, na huyu bwana aliwahi kumrudisha mteja nyumbani kwa kuingia dukani hajachomekea. Sasa akaikata mikia yote, akapiga pindo la kunyooka, akaanza kutembea na shati nje kama mtu wa likizo. Nilimkumbusha yule mteja. Akasema dunia imebadilika na joto limezidi. Nikaikubali hiyo pia, maana joto lilikuwa limezidi kweli.

Usiku akaanza kunipa mgongo. Miaka yote amelala ubavu wa kulia, uso kwangu, akikoroma sikioni mwangu kwa haki yake. Sasa akawa anageukia ukutani, mto ameukumbatia, na mara kwa mara nasikia pumzi inakatika. Nikadhani nimemuudhi. Wiki mbili nzima nilijihoji nimesema nini, nikawa napika kwa bidii na kunyamaza mahali ambapo kwa kawaida sinyamazi. Ningejua kwamba ni bega tu, nisingepoteza adabu yote ile.

Halafu akanyoa kichwa chote. Alisema ni usafi. Ukweli ni kwamba kitana kilikuwa hakifiki utosini, na kuliko kuniomba nimchane aliona bora amalize nywele. Alipendeza kidogo, nakiri. Ila masikio yalijitokeza.

Baada ya nywele ikaja zamu ya fulana. Fulana inavaliwa kwa kupitishwa kichwani, na kuipitisha kichwani kunataka mikono miwili iende juu. Wa kwake ulikuwa ukienda mmoja tu. Asubuhi moja akachukua mkasi, akaipasua fulana nyeupe mpya kuanzia shingoni hadi chini, akaniwekea mapajani na kuniambia nipige matundu. Nikamwambia fulana haina vifungo. Akasema hii itakuwa navyo. Nikapiga matundu sita. Kisha nikaianika kwenye kamba ya uani na kumwita jirani yetu msusi aje aone, tukacheka tumeshikana mabega, mpaka mteja wake akatoka nje na kichwa nusu kimesukwa kutuuliza kama tumesahau kwamba yeye yupo.

Nilikuwa na hadithi nzuri sana mwaka ule. Popote nilipokwenda nilikuwa naisimulia: mume wangu amepata kichaa cha nguo, jana mifuko, leo fulana, kesho atazipiga soksi vifungo. Watu walikuwa wakinisogezea kiti.

Baada ya miezi kama kumi akachangamka. Akawa analala vizuri, pumzi haikatiki, na asubuhi anapiga mluzi akiwasha pasi. Nami nikaona lolote lililokuwepo limekwisha. Hata yeye aliamini hivyo, nasikia. Maumivu yalikuwa yamepungua, basi akahesabu amepona, asijiulize kwa nini mtu aliyepona hawezi kutundika koti kwenye msumari ulio juu ya kichwa chake. Msumari aliushusha. Alichukua nyundo kwa mkono wa kushoto, akauhamishia usawa wa kiuno, na makoti ya wateja yakaanza kufagia sakafu.

Ni katika furaha hiyo ndipo alipobuni lile shati. Ukilitazama kwa mbele ni shati la kawaida, kola safi, mfuko mmoja. Lakini upande wa kulia limefunguka kuanzia kwenye kola, likapita juu ya bega na kushuka na mkono mpaka kwenye kiwiko, na uwazi wote huo unafungwa kwa vifungo tisa. Mvaaji haingizi mkono huo popote. Anajifunika shati kama unavyofunika meza kitambaa, halafu anafunga vifungo kwa mkono mwingine, taratibu, kama mtu asiye na haraka na dunia. Kulitengeneza kulimchukua siku nne. Matundu tisa nilipiga mimi, kwa uzi wa hariri, kwa sababu alisema shati hili lina hadhi.

Na kweli likapata hadhi. Wa kwanza kuliulizia alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya jirani, aliyekuja kupimwa koti. Akalizunguka shati pale kwenye mwili wa mume wangu, akaligusa, akauliza kama linaweza kushonwa la kijani. Wiki iliyofuata alikuja kinyozi. Kisha muuza nyama, kisha fundi rangi wa kupaka dari, kisha bwana mmoja wa posta aliyegonga mihuri maisha yake yote. Kabla ya miezi mitatu tulikuwa tumeshona mashati kumi na moja. Mume wangu akaanza kuzungumza kwa wingi, sisi wabunifu hivi, sisi wabunifu vile, akataka kibao kipya mlangoni. Mimi nilijiuliza jambo moja tu, ni fasheni gani hii inayoanzia kwa wazee wenye vitambi na kuwaacha vijana wote. Nikajiuliza, halafu nikaendelea kupiga matundu.

Koti la mwalimu mkuu ndilo lililotuumbua. Lilikuwa koti lake la kustaafu. Kitambaa kilikuwa cha sufu, buluu iliyokolea, kaletewa na mwanawe kutoka mbali, na hakikuwepo kingine cha namna hiyo mji mzima. Mume wangu alikitandaza, akakichora kwa chaki, akashika mkasi. Ili kukata sehemu ya juu fundi ananyoosha mkono wote mbele yake. Yeye alipanda kigoda, akalalia meza kwa kifua, akausukuma mkasi kwa uzito wa mwili. Nilikuwa naingiza uzi kwenye sindano. Nikasikia mkasi unapotea njia. Ukifanya kazi na fundi miaka ishirini na sita unaijua sauti hiyo hata kama hujawahi kuisikia.

Mkasi ulikuwa umeingia kifuani mwa koti kiasi cha shibiri nzima. Akasimama akilitazama lile pengo. Akasema kitambaa ni kibovu, siku hizi hawafumi vizuri. Kisha akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauinua kutoka mezani na kuuweka pembeni ya mwili wake, kama anaondoa kitu alichosahau mtu mwingine. Niliogopa. Nimezaa mara tatu na nimezika wazazi wawili, lakini sijawahi kuogopa namna ile. Nikamwambia, taratibu kabisa, twende hospitali. Akasema hospitali ni ya wagonjwa.

Kumbeba sikuweza, kwa hiyo nikamdanganya. Kliniki ya mtaani kwetu ina daktari mwanamke, rika la binti yetu wa kwanza, mrefu hata mlango anauinamia. Nilikwenda peke yangu nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho bila kuandika kitu, halafu akauliza kama mume wangu hutembea na tepu ya kupimia. Nikasema hulala nayo. Akasema, basi mwambie daktari anataka kushonewa koti jeupe, aje kunipima. Nikarudi nikamwambia hivyo. Alivaa shati la vifungo tisa, akapiga viatu rangi, akaning'iniza tepu shingoni na kutangulia mbele yangu mtaa mzima. Nyuma yake nilibeba mfuko wa nguo. Hakuuliza ni wa nini, mtu mkubwa haulizi mke amebeba nini.

Daktari alisimama katikati ya chumba chake, mikono pembeni. Mume wangu akampima kiuno, sawa. Akampima urefu wa mkono, sawa. Kisha ikafika zamu ya upana wa mabega, na hapo tepu ikagoma kupanda. Kiwiko chake cha kulia kilikuwa kimenata ubavuni. Akajaribu kuinua mkono, bega zima likaja juu mpaka sikioni lakini mkono ukabaki palepale. Akazunguka kwa nyuma. Akarudi mbele. Jasho likamtoka upara. Mwishowe akamwambia daktari kwamba kipimo hiki huchukuliwa vizuri zaidi mteja akiwa amekaa.

Daktari akakaa. Akapimwa. Akashukuru, akasimama na kusema, "Sasa mzee, zamu yangu kukupima wewe."

Mume wangu akanigeukia. Mimi nilikuwa nasoma bango la chanjo ukutani kwa makini sana.

Sikutegemea kwamba angesema ukweli, na hakuusema. Daktari alimuuliza kama anaumwa bega, akajibu linakaza kidogo, hasa kukiwa na baridi. Akamuuliza limeanza lini. Akasema si zamani. Kama aliwahi kuanguka au kubeba kizito. Hapana. Kama maumivu yanaambatana na kifua kubana, au vidole kufa ganzi. Hapana, hapana. Yakoje basi, yanachoma, yanapwita, yanakata? Mtu huyu anaweza kukueleza kwa nusu saa tofauti ya bitana mbili nyeusi. Alifikiri, akasema ni ya kawaida. Daktari akamuuliza ni makali kiasi gani, toka sifuri mpaka kumi. Akasema moja, na akatabasamu.

Nikafungua mfuko. Nilitoa suruali ya kijivu nikaitandaza kwenye kitanda cha wagonjwa, kisha shati lisilo na mkia, kisha shati jingine lililopanuliwa kwapa kwa kipande cha pembe tatu, kisha ile fulana ya vifungo sita. Nilizipanga kwa mfuatano. Mume wangu alisema kwa sauti ya chini kwamba nimemvua nguo mbele ya mtoto. Nikamjibu kwamba nguo alijivua mwenyewe, mimi nimezikunja tu.

Daktari hakucheka. Aliishika suruali, akageuza mfuko ndani nje na kuuliza, bila kumtazama, huu mshono ni wa aina gani, mbona haujaacha alama mahali ulipotoka. Basi. Ukimuuliza mume wangu kuhusu maumivu yake utapata moja, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu mshono akakosa jibu. Akasogea kitandani. Akaeleza alivyoufumua mfuko kwa ncha ya wembe, na kwa nini. Ilikuwa mwezi wa pili, akasema, mkono ulikuwa haupindi kwenda nyuma, ulikuwa ukikwama hapa, na akaonyesha hapa. Akashika shati. Mkia huu niliukata mwezi wa nne, kuchomekea kulikuwa kunanichoma mpaka naona giza. Kwapa hili nililipanua wa tano, nilidhani nguo ndiyo inayonizuia, nikaongeza inchi mbili, bado ikazuia, ndipo nikajua si nguo. Akaliweka shati chini. Kisha fulana, mwezi wa saba: usiku ulikuwa mbaya kuliko mchana, nikilalia upande huu naamka kama nimepigwa rungu, asubuhi mkono hauendi juu ya kidevu. Na hili nililovaa ni la mwezi wa kumi na moja, maumivu yalikuwa yamepoa, ila mkono ulikuwa umekwisha kufungwa.

Daktari aliandika kurasa mbili. Mimi nilisimama pale nikisikia mwaka mzima wa maisha ya mume wangu ukisomwa kutoka kwenye nguo nilizozifua mwenyewe.

Alimlaza, akamwambia alegeze mkono kabisa, akauinua yeye. Ulifika usawa wa kifua ukagoma. Akaukunja kiwiko na kujaribu kuuzungusha kwenda nje, haukuzunguka hata kidogo. Akatueleza kwamba mtu akishindwa kuinua mkono mwenyewe lakini mwingine akamwinulia, huenda ni msuli. Ukikataa hata ukiinuliwa na mwingine, mara nyingi ni kiungo chenyewe kimekaza, ngozi ya ndani imevimba na kusinyaa, bega limeganda. Ndiyo maana lilianza na maumivu, yakaja na ukakamavu, kisha maumivu yakapungua na ukakamavu ukabaki. Kupungua kule si kupona. Alimtoa damu kidoleni, sukari ikakutwa imepanda, akasema wenye sukari mabega huwaganda zaidi, na hilo nalo lingegunduliwa mapema. Akaandika picha, vidonge, sindano ya ndani ya bega wiki inayofuata, na mazoezi ya kila siku. Mkasi marufuku mpaka atakapoambiwa.

Mume wangu akauliza swali moja tu, kama mkono utarudi wote. Daktari akasema ungekuja na hii suruali, ningekujibu vizuri zaidi. Sasa utarudi kiasi, kwa miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, na kiasi chenyewe tutakiona tukifika.

Tulipokuwa tunatoka daktari akaligusa lile shati la vifungo tisa na kuuliza tumewashonea watu wangapi, maana mwezi huu ameshawaona wanaume watatu wamelivaa. Mmoja alikuja na kikohozi, mmoja na mguu, mmoja kumsindikiza mkewe.

Nilifika dukani nikafungua daftari la vipimo kabla hata ya kuvua viatu. Mashati kumi na moja. Mwalimu mkuu, uwazi begani kulia. Kinyozi, kulia. Muuza nyama, kulia. Fundi rangi, kushoto, na nikakumbuka kwamba yeye hutumia mkono wa kushoto. Bwana wa posta, kulia. Dada mmoja aliyemwagizia mumewe, kushoto. Fasheni ina upande mmoja, kila mtu anajua. Hii ilikuwa inachagua kwa kila mtu upande wake. Nikamuuliza mume wangu, hawa watu walikuambia nini walipochagua bega? Akasema hawakumwambia kitu. Walionyesha kwa kidole, naye akaandika. Na ulipowapima kifua, waliinua mikono? Akatazama mlangoni. Akasema mwanaume mwenzako humuulizi mambo kama hayo.

Yaani wanaume kumi na wawili, watu wazima, wenye wake na vyeo, walikubaliana bila kutamka neno kwamba kuliko kusema naumwa ni heri mji mzima ubadilishe mashati. Nimeolewa humo. Nilimwambia hivyo, na mengine zaidi.

Miezi miwili ikapita. Sindano alichomwa. Kila asubuhi alikuwa akisimama mbele ya ukuta wa duka akiupandisha mkono kwa vidole, vidole vikitembea juu kidogo kidogo, meno ameyauma. Hakulia kwa sauti, ila kamasi zilimtoka. Mimi nikashika mkasi. Alikaa kwenye kiti cha wateja akinielekeza, kulia, kulia, simama, na nilikata vitu vya kunyooka tu, sketi za shule na mapazia. Suti hatukupokea. Koti la mwalimu mkuu tuliligeuza kizibao, na mwalimu alistaafu nacho bila kulalamika, jambo ambalo kwa mwalimu si kawaida.

Ndipo akaja dereva wa lori. Mtu mkubwa, shingo nene, rafiki wa mume wangu tangu ujana wao, ananiita shemeji. Aliingia akicheka, akatupa kitambaa cha bluu mezani kwa mkono wa kulia, na wa kushoto akauacha umening'inia. Akasema ameona watu wanavaa shati fulani la vifungo begani, naye anataka, asije akaachwa nyuma na wakati. La kushoto.

Mume wangu hakuchukua tepu. Alimtazama bega, kama anavyotazama mabega yote, halafu akamuuliza usiku analalia upande gani. Dereva akacheka tena, akasema fundi, mimi nataka shati, sijaja kuchumbiwa. Mume wangu akamuuliza kama anaweza kufika mfuko wa nyuma kwa mkono huo. Kama anaivuta gia kwa bega au kwa kiuno. Kama kuna siku ameshindwa kujisugua mgongo akajiambia ni uchovu wa safari. Dereva akawa anapunguza kicheko kila swali, mpaka kikabaki kwenye meno tu. Akasema ni fasheni tu, fundi, usiifanye kubwa.

"Shati hilo silishoni tena," mume wangu akasema. "Mimi linaniuma. Linaniuma sasa hivi nikiwa nimekaa hapa. Nilinyamaza mwaka mzima, na daktari ameniambia mkono huu hautarudi wote."

Miaka ishirini na sita sikuwahi kumsikia akimwambia mtu yeyote kwamba anaumwa, hata jino. Alilisema kwa sauti ya kawaida, mchana, mlango ukiwa wazi na watu wanapita. Nilitaka kuinuka nimshike. Nilibaki nimekaa, kazi ikiwa mapajani.

Dereva alivuta kigoda akakaa. Akakipapasa kitambaa chake kwa muda, akakikunja mara mbili kwa mkono mmoja. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ya chini, kama vile mimi sikuwepo.

"Na shemeji alijua?"

"Yeye ndiye aliyekuwa akipiga matundu ya vifungo," mume wangu akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyotaja kipimo, ili kiandikwe. Dereva akanitazama, akisubiri nicheke au nibishe, maana ananijua. Sikuweza lolote kati ya hayo. Nimeisimulia habari hii kwenye nyumba zaidi ya ishirini, na kila nyumba nilimweka humo yeye, mashati yake, upara wake na mifuko yake, wala hapakuwa na mtu mwingine ndani yake. Fulana ilikuwa na matundu sita. Shati lilikuwa na tisa. Yote niliyapiga mimi, kwa mkono wangu, hatua tatu kutoka kwake, nikicheka.